Kijana wangu ana jina la Clase mgongoni. Nimwambie nini?

kocha_wa_miwa, Lugazi

Habari za siku, wapenzi wa besiboli. Nina swali, na naomba mnijibu kama wazazi. Ushabiki wa timu tuuweke pembeni kidogo.

Nina mrushaji wa miaka 15. Mkono wa kulia, mrefu, vidole vyake vinaufunika mpira hadi mishono haionekani. Mwaka jana tulipopata fulana za msaada alichukua ya kwake, nyeupe, akaandika mgongoni kwa kalamu ya wino mzito: CLASE 48. Kila ikifuliwa wino hufifia, naye huketi mlangoni kwao akaipitisha kalamu juu ya mistari ileile. Hiyo ndiyo jezi yake. Hata kushika mpira amejifunza kwa kumtazama Emmanuel Clase kwenye simu yangu, namna anavyoegemeza kidole cha kati pembeni ya mshono ili mpira ukate kona ukikaribia gongo. Mnamjua. Mrushaji wa kumalizia mechi wa Cleveland Guardians wa MLB, ligi kuu ya Marekani, mpira wa kilomita 160 kwa saa, na msimu wa 2024 wastani wake wa kufungwa ulikuwa 0.61, yaani hata pointi moja haifiki kwa mechi nzima ya inningi (vipindi) tisa.

Mwezi wa 11 mwaka 2025 habari zikatoka. Clase na mwenzake Luis Ortiz wameshtakiwa New York. Waendesha mashtaka wanadai walikuwa wakiwatonya wacheza kamari mapema ni mrusho upi utakuwa mbovu, kisha wanautupa chini makusudi, na kwamba kwa mirusho ya Clase peke yake watu walivuna angalau dola 400,000. Wote wawili wamekana.

Jumamosi nikawakuta vijana chini ya mwembe wanabishana. Mmoja akaniambia, "Kocha, ni mpira mmoja tu, na timu ilishinda." Mwingine akadakia kwamba boli moja (mrusho mbovu) haimpeleki mtu besi ya kwanza, zinatakiwa nne, kwa hiyo nani ameumia? Mwenye fulana alikuwa kimya, anachora ardhini kwa kijiti.

Sikuwa na jibu la papo hapo, na tangu siku hiyo sijatulia. Niwaeleze kwa nini.

Mwezi wa tisa tulialikwa Gayaza kucheza mechi mbili. Wazazi walichanga shilingi 210,000 za kukodi teksi. Wengi wao ni wakataji miwa, na akina mama wanaouza ndizi kando ya barabara ya Jinja. Mtu analeta elfu tano leo, elfu mbili kesho. Nilikuwa na zamu kazini, pesa nikamkabidhi msaidizi wangu. Ijumaa jioni aliziweka zote kwenye tiketi ya mechi za mpira wa miguu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi watoto 14 walikuwa wamesimama karibu na kituo cha mafuta, glavu mkononi, chakula kwenye kaveera (mfuko wa plastiki). Saa tatu bado wamesimama. Huyu mrushaji wangu alibeba muhogo wa kuchemsha ambao mama yake aliamka usiku kuupika, na kaveera ilikuwa imeshalowa mvuke kwa ndani. Aliazima simu ya mtu wa boda akanipigia kuniuliza kama amekosea siku.

Msaidizi alikuja kuomba radhi siku ya nne. Aliniambia, "Kocha, ilikuwa inaingia. Timu moja tu ndiyo iliniangusha."

Sasa nikisikia mtoto wangu anasema "mmoja tu", mwili unanisisimka. Nimwambie aifute ile fulana? Niichukue? Au nimwache?

dereva_wa_usiku, Malaba

Kocha, pole sana kwa hao watoto wa kaveera. Hiyo habari imenikaa kooni.

Mimi jibu langu ni fupi: fulana ivuliwe. Nitakwambia kwa nini nasema kwa ukali. World Series ya 2025, fainali ya MLB, nimeitazama yote kwenye foleni ya malori. Mechi ya tatu ilianza saa tisa usiku kwetu ikaenda inningi 18, Freddie Freeman anaimaliza ni karibu saa nne asubuhi, jua limeshapanda na mimi bado nimeinamia simu, turnboi ananigongea mlango wa kabini karatasi zinahitajika dirishani. Mechi ya saba hivyo hivyo, Jumapili, imeisha saa moja imeshapita. Miguel Rojas anasawazisha kwa homurani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja) inningi ya tisa, Will Smith anaongoza ya 11, Dodgers 5 Blue Jays 4. Lakini aliyenitoa machozi ni Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa Dodgers. Ijumaa, kwa saa za kwao, amerusha mirusho 96. Jumamosi yao, kwetu ni alfajiri ile ya Jumapili, bila hata siku ya kupumzika, anatoka tena kuja kumalizia. Mkono ule umechoka, unaona kabisa umechoka, na kila mpira anaurusha kama deni.

Mimi nimelipa bando la wiki nzima nikose usingizi kwa sababu naamini kila mrusho ni wa kweli. Mtu akiniambia kwamba mmoja kati ya hiyo uliuzwa, ameniibia usiku wangu. Sitaki kujua timu ilishinda au ilishindwa.

Na msidhani hawakuonywa. Kanuni ya 21 ya MLB, ya kukataza kamari, imebandikwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, kwa Kiingereza na Kihispania. Ukibeti besiboli isiyokuhusu, mwaka mmoja nje. Ukibeti mechi ya timu yako, maisha. Pete Rose, mwenye hiti (mipigo ya kufika besi) 4,256 ambazo hakuna aliyezifikia kwenye ligi hiyo, alifungiwa 1989 akafa 2024 bado amefungiwa; jina lake liliondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa mwaka 2025, yeye hayupo. Tucupita Marcano alifungiwa maisha akiwa na miaka 24. Mwaka 2023 alibeti hadi mechi za Pittsburgh Pirates wakati yuko kwenye orodha yao ya wachezaji, tena tiketi zake za MLB alizoshinda hazikufika tano katika mia. Mwaka huohuo kijana wetu David Matoma amesaini na klabu hiyohiyo. Fikiria. Mmoja anaingia kwa mlango wa mbele na kitambaa cha Uganda, mwingine yuko ndani anaiuza nyumba.

afande_mstaafu, Jinja

Kocha, salaam. Dereva, salaam na wewe, nimekusoma kwa heshima.

Nimefanya upelelezi miaka 26. Kwa hiyo niruhusuni nianze na neno hili: wameshtakiwa. Hawajahukumiwa. Mtoto wa miaka 15 anapaswa kujifunza tofauti hiyo kutoka kwa mtu mzima anayemwamini, maana mtaani hataifundishwa. Mtaani mtu akipigiwa kelele za mwizi, matairi yanatafutwa kabla ya swali la kwanza. Nimeokota miili ya namna hiyo.

Mnakumbuka Machi 2024? Dodgers wako Seoul, inasikika kwamba pesa zimetoka akaunti ya nyota wao Shohei Ohtani kwenda kwa mtu wa kamari. Humu humu watu waliapa kwamba ni yeye, na mkalimani anabebeshwa tu mzigo. Uchunguzi ukafanyika wa akaunti, wa simu, wa sauti zilizorekodiwa benki. Ikaonekana mkalimani huyo, Ippei Mizuhara, alikuwa akijifanya Ohtani kwenye simu na kumwibia karibu dola milioni 17. Februari 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 57. Kama kuna kijana aliyevua jezi ya Ohtani wiki ile, alimwonea mtu aliyeibiwa.

Na sisi wenyewe tumewahi kuonjeshwa. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda Kutno, Poland, wakapata tiketi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto. Viza zikakataliwa kwa sababu umri kwenye karatasi haukulingana. Karatasi zile hakuna mtoto aliyeziandika. Ni watu wazima walioziandika, au waliozembea kuziandika, na watoto ndio waliobaki uwanjani Kampala na mabegi yao. Timu ya Langley ya Canada, waliyokuwa wacheze nayo, ikafunga safari kuja Uganda Januari 2012 ili mechi ichezwe. Mwaka uleule vijana wa hapo kwako Lugazi wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika Williamsport, wakawafunga Gresham wa Oregon 3 kwa 2. Kocha, wewe unaijua habari hii kuliko mimi.

Usimvue fulana. Kaa naye, msomee mashtaka yote, msomee na kwamba wamekana. Kisha mwambie hukumu itakuja, na siku ikija aamue mwenyewe.

dereva_wa_usiku, Malaba

Afande, la Ohtani nimelikubali. Nilikuwa mmoja wa walioapa. Namwomba radhi, ingawa hatasoma.

madam_softiboli, Mpigi

Kocha, hongera kwa kuuliza. Wengi wangechana ile fulana au wangenyamaza.

Lakini nimesoma hadi hapa na kuna kitu kinaniuma, nikiseme. Tumeongea habari ya pesa mwanzo mwisho. Wachezaji wana makosa mengine nje ya uwanja, na wasichana wangu huyaona.

Mwezi uliopita mtoto wa miaka 13, mdakaji wangu (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mirusho), aliniuliza kuhusu Julio Urías. Alikuwa ameona video zake za zamani za Dodgers, akapenda mrusho wake wa mkono wa kushoto, akataka kujua siku hizi yuko wapi. Nikamweleza. Mwaka 2019 alifungiwa mechi 20 kwa kisa cha kumfanyia mwanamke ukatili. Mwaka 2023 akakamatwa tena, 2024 hakupinga shtaka la shambulio la nyumbani, na adhabu ya ligi ilikwisha Julai 2025. Yule mtoto akahesabu kwa vidole. Akaniambia, "Madam, kwa hiyo ya kwanza ilikuwa mechi ishirini."

Nilikaa kimya. Mechi ishirini ni kama wiki tatu na siku chache. Kabla ya Agosti 2015 MLB haikuwa hata na kanuni moja ya pamoja kuhusu ukatili wa nyumbani. Wa kwanza kufungiwa kwa kanuni hiyo alikuwa Aroldis Chapman, mechi 30, mwaka 2016; alifyatua bastola kwenye garaji baada ya ugomvi na mpenzi wake, na mashtaka hayakufunguliwa. Mwisho wa mwaka uleule alikuwa anabeba kombe na Chicago Cubs. Marcano aliyebeti, maisha.

Sisemi kamari ni ndogo. Nimeona mishahara ya walimu wenzangu ikiishia kwenye zile nyumba za kubeti mchana kweupe. Nasema vijana wako wakikaa chini ya mwembe kupima nani ni wa kuandikwa mgongoni na nani afutwe, mizani hiyo iwe na mabamba mawili. Kuna anayemdhulumu mchezo na kuna anayemdhulumu mtu aliyelala naye chumba kimoja. Yule mdakaji wangu anajua sauti ya kitu cha pili. Kwao nyumbani anaisikia.

ampaya_wa_gayaza

Madam, nimekusoma mara mbili. Nitaisoma tena na vijana ninaowafundisha uamuzi.

Kocha, nilikuwa miongoni mwa waliowangoja mwezi wa tisa. Mistari tulishaichora kwa chokaa. Sikujua sababu mpaka leo.

Niko upande wa swali la watoto, "nani ameumia?", maana mimi kazi yangu ni kuhesabu boli na straiki (mrusho unaohesabiwa dhidi ya mpigaji). Mrusho wa kwanza kwa mpigaji una uzito wake. Ukianza na straiki, mpigaji anaogopa, anajibana, unaweza kumvuta nje ya boksi lake kwa mpira wa kona. Ukianza na boli, yeye ndiye anakungoja. Sasa inabidi urushe karibu na katikati, na karibu na katikati ndipo homurani zinapozaliwa. Na hati ya mashtaka inaitaja hasa mirusho ya kwanza. Kwa hiyo "boli moja" ile inambadilisha mpigaji, inambadilisha mdakaji anayepanga mrusho wa pili, inawabadilisha hata walinzi waliosimama nyuma. Watoto wako wanajua kuhesabu mpaka nne, wafundishe kuhesabu na kilichomo katikati.

Kuna kisa kimoja ndani ya hati hiyo wasomee. Mei 2025, Guardians na Dodgers. Inadaiwa mrusho ulikuwa umeshauzwa kuwa boli. Clase akautupa mbovu kama inavyodaiwa, ila Andy Pages, mpigaji wa Dodgers, akauzungushia gongo, akaukosa. Straiki. Waliobeti wakapoteza. Pages hakujua lolote, alikuwa anacheza besiboli yake.

Ligi na kampuni za kamari walikubaliana Novemba 2025 kwamba dau la mrusho mmoja lisizidi dola 200, wala lisiunganishwe na mengine kwenye tiketi moja. Kwangu hiyo ni bati juu ya paa linalovuja. Anayetaka kununua mrusho atatafuta watu hamsini wa dola 200.

Na sisi waamuzi hatuko juu ya hili. Februari 2025 Pat Hoberg, ampaya ambaye wengi wetu tulijifunza eneo la straiki kwa kutazama mechi zake, alifukuzwa kwa sababu akaunti yake ya kamari aliitumia pamoja na rafiki aliyekuwa anabeti besiboli. Ligi ilisema haikuona ushahidi kwamba yeye mwenyewe alibeti besiboli. Alifukuzwa. Niliposoma nilikwenda nikafuta kwenye simu yangu programu ya kubeti mpira wa miguu ambayo nilikuwa naichezea elfu moja moja. Kuanzia msimu wa 2026 kamera zinasikiliza rufaa za boli na straiki, kila timu rufaa mbili, na mrushaji, mdakaji au mpigaji ndio pekee wanaoweza kugusa kofia kuomba. Vijana hapa Gayaza wameshaanza kunigusia kofia, na kamera hakuna. Wananitazama mimi usoni.

kocha_wa_miwa, Lugazi

Asanteni. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kufanya kwanza, ndipo niandike.

Jumamosi niliwasomea mashtaka kama Afande alivyosema, pamoja na kwamba wamekana. Niliwasomea na habari ya Urías, Madam, na hesabu ya mdakaji wako wa miaka 13 niliwaambia. Vijana wa kiume 14, hakuna aliyetazama mwenzake. Mmoja aliinuka akaenda kunywa maji kwenye jerikeni, akakaa hukohuko muda mrefu. Nitamtafuta nyumbani kwao wiki hii.

Kisha nikafanya jambo moja. Nilimvalisha mrushaji wangu vifaa vya mdakaji. Hajawahi kuvivaa. Barakoa ikamshukia puani, nikamkazia kamba. Nikaweka mtoto besi ya tatu, nikachukua mpira wa tenisi ili asiumie, nikamwita pembeni mrushaji wetu wa pili nikamnong'oneza. Mwenye fulana alichuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani, akaonyesha ishara: juu, ndani. Akanyanyua glavu juu, akaiweka palepale, kama nilivyowafundisha, glavu isitikisike.

Mpira ukaja chini, nje, ukagonga vumbi ukampita mguu wa kulia. Akageuka, akajikwaa kwenye ngao za magoti, akautambaia. Wa besi ya tatu alikuwa ameshaingia nyumbani. Mwenzake kwenye kilima hakusema kitu. Yeye akainua barakoa, uso umejaa vumbi, akapiga kelele: "Mbona hukuniambia? Mimi nilikuwa nimeshaweka glavu!"

Sikuongeza neno. Nikawaambia wakusanye vifaa.

Jioni alinifuata njiani, karibu na lile shamba la miwa lililochomwa wiki iliyopita. Hakuniuliza habari ya dola wala ya gereza. Aliniuliza, "Kocha, mdakaji wake alikuwa anaweka glavu wapi?" Tukatembea. Nikamwambia kuhusu fulana ni juu yake mwenyewe.

Dereva, hukuuliza ila najua ungetaka kujua: msaidizi amerudisha 90,000 mpaka sasa. Nimemruhusu aje kuchora mistari na kufyeka nyasi, pesa hashiki. Ampaya, tutakuja Gayaza Januari, nauli naibeba mfukoni mwangu, na tutafika kabla chokaa haijakauka. Madam, lete wasichana.

Leo kijana amekuja mazoezini na fulana ileile, ameivaa nje ndani. Ukisimama nyuma yake jua likimpiga, 48 bado inaonekana kwa kivuli, imegeuka. Nimemuuliza kama nimtafutie fulana nyingine. Amekataa. Amesema anangoja hukumu, kisha akaomba avae tena vile vifaa vya mdakaji.